Je, Wajua? Mkuki, Nyumbu na Kicheko cha Mpakani

Wapenzi wa riwaya za Marekani wanaijua hadithi hii: nchi ambayo sheria bado changa, ng'ombe walioibwa, kisasi cha damu, na msimuliaji anayeeleza mauaji kwa sauti ya mtu anayesoma risiti ya duka. Unacheka, kisha unajiuliza kama ulistahili kucheka. Wiki hii safu yetu inaipandisha hadithi hiyo vilima vya Manga na kuishusha Nyansiongo. Dai letu ni moja: mtunzi wa Kisii au Nyamira anayetaka kuandika kitabu cha namna hiyo hana haja ya kukopa hata farasi.

KITABU KILICHOWEKA KIPIMO

1. Je, wajua kwamba riwaya ya True Grit ya Charles Portis, iliyotoka mwaka 1968, ina shujaa wa miaka 14? Mattie Ross anatoka kwao Arkansas kumsaka muuaji wa baba yake, na anamkodi Rooster Cogburn, askari wa mahakama mlevi mwenye jicho moja. Anayesimulia ni Mattie huyo huyo akiwa mwanamke mtu mzima, na hatanii hata kidogo. Kicheko kimeachiwa msomaji.

2. Je, wajua silaha yake ya kwanza ni ipi? Kupatana bei. Anambana mfanyabiashara wa farasi mpaka mzee wa watu anatamani asingemjua. Mama yeyote auzaye ndizi Daraja Mbili, soko kubwa la mji wa Kisii, angemtambua mara moja kuwa ni mwenzake.

3. Ushujaa wake una gharama. Mattie anatumbukia shimoni, anaumwa na nyoka na mwishowe anakatwa mkono. Hilo nalo analisimulia bila kupandisha sauti.

4. Je, wajua John Wayne alicheza filamu kwa miongo kadhaa, lakini Oscar yake ya pekee ya uigizaji aliipata kwa kuvaa kitambaa cha jicho cha Rooster katika filamu ya 1969? Filamu ya pili, ya ndugu Coen mwaka 2010, iliteuliwa kuwania Oscar 10 na haikupata hata moja.

5. Jaji Isaac Parker anayetajwa kitabuni hakubuniwa. Alikaa kitini Fort Smith, Arkansas, kuanzia 1875 hadi 1896, na watu walimwita jaji wa kitanzi. Mshike vizuri, tutamrudia.

6. Je, wajua mmoja wa askari mashuhuri wa mahakama hiyo alikuwa mtu mweusi? Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, akaishia kuwakamata wahalifu katika eneo lile lile ambalo Portis alilitumia kwa hadithi yake.

7. Thomas Berger naye, katika Little Big Man ya 1964, alimpa usimulizi mzee anayedai kuwa na miaka 111 na kuponea vita vya Little Bighorn vya 1876. Muongo au mkweli? Mwandishi hakuambii, na utamu uko hapo.

MAREKANI ILIPOBISHA HODI SOTIK

8. Je, wajua kwamba Theodore Roosevelt, aliyetoka madarakani Machi 1909, aliteremka Mombasa mwezi uliofuata na kabla ya katikati ya mwaka alikuwa akiwinda Sotik, mlango wa pili kutoka Borabu ya leo, kaunti ya Nyamira? Kabla ya kuwa rais, alikuwa amefuga ng'ombe Dakota miaka ya 1880, na alijihesabu kuwa mmoja wa watu wa mpakani.

9. Alisafiri na maktaba. Vitabu kama 60 hivi vilijalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili jasho, vumbi, mafuta ya bunduki na damu visiviharibu, vikatiwa katika kasha jepesi ambalo lilitosha kuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Miongoni mwao: Huckleberry Finn na Tom Sawyer vya Mark Twain, pamoja na The Luck of Roaring Camp cha Bret Harte, hadithi za wachimba dhahabu wa California.

10. Maana yake ni hii: vichekesho vya mpakani mwa Marekani vilipita jirani na nchi ya Gusii, ndiyo Kisii na Nyamira ya leo, juu ya kichwa cha mpagazi, miaka miwili kabla ya mapadri wa Mill Hill kufungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911. Fasihi ilitangulia shule, ila mbebaji hakuulizwa kama angependa kusomewa ukurasa mmoja.

11. Mark Twain mwenyewe alikwenda Nevada mwaka 1861 kwa gari la farasi, akajaribu kuchimba fedha, akashindwa. Kushindwa huko kulizaa Roughing It, kitabu cha 1872. Wachimbaji wengi waliopata fedha hawakuacha hata barua.

12. Je, wajua mwaka 1886 Roosevelt aliwafuata wezi wa mashua kwenye mto wenye barafu, akawakamata, kisha katika safari ya kuwapeleka kwa askari akawa anawalinda huku akisoma Anna Karenina ya Tolstoy? Kama ungeliandika hilo katika riwaya, mhariri angelifuta kwa kutokuaminika.

13. Roosevelt alipanda reli ya Uganda akiwa ameketi nje, mbele kabisa ya injini, juu ya chuma kinachosukuma wanyama watoke relini. Kiti cha namna hiyo kilikuwa kimekaliwa mwaka 1907 na naibu waziri kijana wa makoloni, Winston Churchill. Huyu pia mshike, ana sehemu yake katika kisa cha Kisii.

14. Mwaka 1910 alikuja mwingine. Charles Jones, mzee wa miaka 66 aliyejulikana kwa jina la Buffalo Jones, alileta makauboi wawili wa kweli na kamba zao. Nia yao ilikuwa kuwanasa wanyama wa Kenya kwa vitanzi badala ya kuwapiga risasi. Walimfunga kamba twiga, kifaru na hata simba, na mpiga picha Cherry Kearton akawarekodi kwa filamu.

MAKAUBOI WALIKUWEPO TAYARI

15. Je, wajua kwamba vijana wa Gusii waliishi maisha ya kauboi kabla ya neno hilo kufika? Walikaa kwenye ebisarate, kambi za ng'ombe zilizowekwa mbali na nyumba za wazee. Huko walilinda mifugo usiku, walijifunza kupigana na walikwenda kuvamia au kukomboa ng'ombe kutoka kwa majirani.

16. Enzi ya makauboi waliosafirisha mifugo mbali ilidumu takriban miaka 20 tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mojawapo ya vilivyoimaliza ni seng'enge ya miiba, ambayo Joseph Glidden aliipatia hataza mwaka 1874. Gusii haikuhitaji seng'enge. Serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku ebisarate kati ya 1912 na 1913, na vijana wakaambiwa warudi nyumbani. Wavamizi wa zamani wakageuka walipa kodi.

17. Wanahistoria hukadiria kuwa kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Sinema za zamani ziliwasahau karibu wote.

18. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Abagusii na Wakipsigis walipambana vibaya katika vita ambavyo Abagusii huviita Saosao. Wakipsigis walishindwa na kupoteza vijana wengi mno. Wazee wa pande zote mbili wamelisimulia pigano hilo kizazi baada ya kizazi, kila upande kwa lafudhi yake.

19. Na farasi? Je, wajua kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, ambao uliwaua farasi wengi wa wageni? Nyumbu huustahimili zaidi. Ndiyo maana masimulizi ya Gusii humpandisha mzungu wa serikali juu ya nyumbu. Mtunzi wetu ameepushiwa gharama.

20. Sasa jambo la kusisimua mwili. Gusii ilikuwa na mabingwa wa kupasua fuvu, omobari kwa mmoja na ababari kwa wengi. Mtu aliyepigwa rungu kichwani na kuandamwa na maumivu yasiyokwisha alikalishwa, ngozi ikachanwa, na mfupa ukakwanguliwa polepole kwa kisu kilichopinda hadi sehemu ya fuvu iliyoharibika iondoke. Hakukuwa na dawa ya usingizi. Wagonjwa wengi walipona, na daktari Edward Margetts aliandika kuhusu kazi hiyo katikati ya karne ya 20, ilipokuwa bado ikifanyika.

21. Usidhani ni maajabu ya Afrika peke yake. Huko Tennessee, James Robertson alitoboa vitundu kwenye mafuvu ya watu waliochunwa ngozi ya kichwa vitani ili nyama mpya iote. Alijifunza kwa daktari mpita njia mwaka 1777, na maelezo yake yakachapishwa katika jarida la utabibu la Philadelphia mwaka 1806. Omobari na Robertson wangekutana, wangezungumza mpaka usiku.

22. Kauboi alikuwa na gitaa. Gusii ina obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye mlio mzito unaotetemesha kifua. Mpigaji wake huimba, husifu, husuta na huchekesha kwa pumzi moja.

OTENYO, MORAA NA NYARIGOTI

23. Je, wajua kituo cha kwanza cha serikali kwa eneo hili hakikuwa Kisii? Kilikuwa Karungu, ufukweni mwa ziwa, kuanzia 1903. Mwaka 1907 kituo kikahamishiwa vilimani, na ndipo mji wa Kisii ulipoanzia. Msimamizi wake alikuwa Geoffrey Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Alikuwa na miaka 26.

24. Kabla yake ilikuja risasi. Mwaka 1905 jeshi la King's African Rifles lilipanda Gusii na bombomu. Mashujaa wa Kitutu, tawi mojawapo la Abagusii, waliikabili bunduki hiyo kwa mikuki na ngao, na zaidi ya 100 waliangamia. Nyarigoti alikuta watu wanaoomboleza, naye akadai kodi.

25. Je, wajua aliyewachochea vijana kuinuka tena alikuwa mwanamke? Moraa wa Ng'iti alikuwa mganga na mtabiri wa Kitutu. Masimulizi yanasema aliwasuta wanaume hadharani: kama wanaogopa, wawaachie wanawake mikuki. Suto kama hilo, kwa kijana wa Gusii, lilikuwa zito kuliko amri ya mkuu yeyote.

26. Aliyelipokea ni Otenyo Nyamaterere, mtu wa nyumba ya Moraa. Januari 1908 alimvizia Nyarigoti njiani na kumchoma mkuki mgongoni. Habari zikaenea vilima vyote kwamba mzungu amekufa. Hakuwa amekufa. Hapo ndipo kisa kinapoacha njia ya utenzi wa mashujaa na kuingia ile ya riwaya ya mpakani: shujaa ametimiza kazi, ngoma zimelia, na marehemu amekaa kitandani anafungwa bendeji.

27. Kicheko kiliishia hapo. Jeshi likarudi, nyumba zikachomwa, maelfu ya ng'ombe wakaswagwa. Tarehe 3 Februari 1908 Churchill, yule wa kiti cha mbele ya treni, aliandika kuwa hapendi namna taarifa hizo zilivyo. Watu 160 walikuwa wamekwisha kuuawa bila upande wa serikali kupata hasara zaidi, na kwake ilionekana kama machinjioni. Katika maandishi hayo hayo aliingiwa na hofu nyingine: Bunge likijua, mipango yao ya Afrika Mashariki itatiwa doa.

28. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Jamaa zake wamedai kwa miaka mingi kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wamekuwa wakitaka kirudishwe kizikwe.

29. Na Nyarigoti? Je, wajua alipona, akapanda ngazi, akawa Sir Geoffrey Northcote, gavana wa British Guiana na kisha wa Hong Kong kuanzia 1937? Aliondoka Hong Kong mwaka 1941, na miezi michache baadaye, mwezi wa Desemba, Japani ikaivamia. Mkuki ulimkosa moyo, na vita vikamkosa kwa miezi. Aliyempokea kiti aliishia kuwa mfungwa wa Wajapani.

30. Je, wajua nambari 160 ina visa vitatu? Kwanza, sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimruhusu mhamiaji kudai ekari 160, katika nchi ambayo ilikuwa na wenyewe. Pili, Jaji Parker aliwahukumu kifo watu 160 katika miaka yake 21, na kati yao 79 ndio walionyongwa. Wote walipewa kesi. Tatu ni 160 wa Churchill, waliouawa Gusii katika wiki chache. Hakuna hata mmoja aliyepewa kesi.

MJI USIO NA MWENYEWE

31. Je, wajua Kisii iliwahi kutekwa na Wajerumani? Septemba 1914, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vichanga, kikosi kutoka upande wa Tanganyika kilipanda vilima. Maafisa wa Uingereza wakaondoka mjini. Wajerumani wakaingia bila kizuizi.

32. Tarehe 12 Septemba askari wa King's African Rifles wakafika na mapigano yakapamba moto kutwa nzima. Pande zote zikaumia, Wajerumani wakajiondoa, na kwa muda mji ukabaki hauna serikali ya mtu yeyote. Fikiria ofisi ya kodi iliyo wazi, mlinzi hayupo.

33. Wenyeji hawakuhitaji kukaribishwa. Waliingia wakabeba walichoweza: madukani, katika nyumba za maafisa, hata kwenye misheni za jirani. Waingereza waliporudi walitoza faini kwa ng'ombe, jamii nzima ikilipa kwa pamoja. Mpaka leo hakuna hesabu itakayotuambia ni viti vingapi vya DC vilivyoota moto jikoni.

34. Lakini kwa wengi waliokuwepo huo haukuwa wizi, ulikuwa utabiri uliotimia. Mtabiri Sakagwa wa Kitutu, anayeitwa pia Sakawa, alikuwa ametabiri kuja kwa wageni na, kwa mujibu wa masimulizi, kuonyesha mahali mji wao ungesimama. Wafuasi wake waliamini pia kuwa wageni hao wangeondoka. Septemba 1914 waliwaona wakiondoka kwa macho yao.

35. Mwaka uliotangulia, 1913, huko Alego, Onyango Dunde alikuwa amesimulia kwamba nyoka mkubwa wa ziwani alimmeza, akamtapika mzima, kisha akampa ujumbe. Nyoka huyo ndiye Mumbo. Alisema wazungu wote watatoweka, na waumini waache kulima kwa sababu Mumbo atawalisha. Imani ikavuka hadi Gusii na ikakutana na jina la Sakagwa. Serikali iliyojitahidi kukusanya kodi ya nyumba sasa ilishindana na nyoka anayetoa chakula bure.

36. Je, wajua Marekani ilikuwa na jambo la kufanana nalo? Mtabiri wa Kipaiute, Wovoka, alifundisha ngoma ambayo ingewarudisha wafu na nyati na kuwaondoa wazungu. Serikali ikaingiwa na hofu, na tarehe 29 Desemba 1890 jeshi likaua mamia ya Walakota huko Wounded Knee, wengi wao wanawake na watoto.

37. Kwa Mumbo, serikali ilichagua uhamisho. Viongozi wa Gusii walitawanywa hadi Lamu na Kismayu, mbali na mvua za kwao. Imani haikufa. Mwaka 1954, miaka 41 baada ya nyoka kumtapika Onyango, serikali bado ilikuwa inaipiga marufuku.

DHAHABU, MASHAMBA NA USHURU

38. Hakuna hadithi ya mpakani bila dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson, mkulima wa upande wa Turbo, aliipata Kakamega, na walowezi waliobanwa na anguko la uchumi wakamiminika. Upekuzi ukashuka hadi Kavirondo Kusini, wilaya iliyotawaliwa kutoka Kisii, ambako mgodi wa Macalder ulifunguliwa, sehemu ambayo leo ni kaunti ya Migori.

39. Je, wajua Gusii ilikuwa na wahamiaji wake wa mashamba? Uhuru ulipokaribia, mashamba ya walowezi kwenye ukanda wa Sotik yalinunuliwa na kugawiwa familia za Kiafrika, na Borabu ikajaa Abagusii. Waliondoka kwenye vishamba vya vilimani, wakakuta nafasi, ng'ombe wa maziwa, mkopo wa kulipa na Wakipsigis ng'ambo ya mpaka. Wizi wa ng'ombe uliendelea kuvuka huku na huku, safari hii kukiwa na hati ya shamba kabatini.

40. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba. Riwaya ya Marekani humpa shujaa upweke wa kutembea siku tatu bila kumwona mtu. Shujaa wa Kisii hawezi kujificha nyuma ya mgomba bila kusalimiwa, kuulizwa anakokwenda na kukaribishwa chai. Mtunzi itabidi atafute hila nyingine.

41. Je, wajua mpaka bado unachekesha? Mji wa Keroka umekaa juu ya mstari kati ya Kisii na Nyamira, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kaunti hizo mbili zimevutana kuhusu nani akusanye ushuru hapo. Mfanyabiashara wa Keroka anaujua mpaka kwa risiti.

MALIGHAFI IPO

42. Je, wajua utafiti umekwisha kufanywa? William Ochieng' alichapisha historia ya Gusii ya kabla ya ukoloni mwaka 1974. Audrey Wipper aliandika kuhusu watu wa Mumbo katika kitabu cha 1977. Robert Maxon alifuatilia mivutano ya Abagusii na Waingereza, kuanzia 1907 hadi 1963, katika kitabu cha 1989. Mtunzi ana tarehe zote, na hana sababu ya kubuni vita.

43. Kiswahili nacho kimezoea safari ndefu. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitafsiriwa mwaka 1929 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Mwaka 1996 Ken Walibora, katika Siku Njema, alimtoa mhusika wake, kijana Kongowea, kutoka Tanzania akamleta Kenya kumtafuta baba yake. Msomaji wa Kenya ameshamfuata kijana asiye na nauli kupitia mpaka, na atafuata tena.

44. Mji wa Kisii wenyewe umekuwa ukipokea washairi kutoka nchi nyingi tangu 2013, kwenye tamasha la Kistrech lililoanzishwa na Christopher Okemwa. Hadhira haikosekani.

45. Fanya hesabu kidogo. Binti aliyekuwa na miaka 14 Otenyo alipomchoma Nyarigoti alitimiza miaka 20 wakati Kisii ilipoporwa. Alikuwa mama wa makamo dhahabu ilipopatikana. Bendera ya uhuru ilipopandishwa Desemba 1963 alikaribia 70, na huenda mwanawe alikuwa akifungasha mizigo kwenda Borabu. Msimuliaji mmoja anatosha kwa kitabu kizima.

46. Na sauti yake itatoka wapi? Je, wajua Portis alianza kazi kwenye gazeti dogo la Arkansas, akihariri taarifa zilizotumwa na akina mama wa vijijini: nani amezikwa, nani amevunja mguu, ng'ombe wa nani amepotea? Kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kuondoa uhai na uchangamfu kwenye taarifa hizo ili zifanane na gazeti. Miaka baadaye alimpa Mattie Ross kila alichokuwa amekifuta. Mtunzi wa Gusii ana bahati zaidi, kwani taarifa za namna hiyo bado zinatolewa kila siku ya soko, kwenye matanga na kwenye foleni ya kupima majani chai Kebirigo. Aende na daftari, asikilize, na asihariri kitu.